DAWA ZA MITI NA MZIGO WA MWENYE KUUGUZA

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Naishukuru Halmashauri kwa kunipa nafasi hii ya kunena mbele yenu. Si desturi ya karani kusema katika mkutano. Kazi yake ni kuandika yasemwayo na wengine. Lakini Halmashauri imeona kuwa yako mambo ambayo huonekana vema na yule ashikaye daftari, nami nimeagizwa niyaeleze. Naomba radhi za wakubwa wangu kabla sijaanza.

Jambo lenyewe ni hili. Katika kila nyumba yenye mgonjwa wa siku nyingi huonekana chungu cha mizizi juu ya mafiga, na kando ya chungu hicho huonekana mtu mmoja, mara nyingi mwanamke, asiyeondoka hapo usiku wala mchana. Juu ya chungu watu wamesema mengi, wengine wakikisifu na wengine wakikitukana. Juu ya mtu yule husemwa machache sana. Nataka leo tuvitazame vyote viwili pamoja, kwa maana gharama ya dawa isiyojulikana vema hailipwi na mganga wala daktari. Hulipwa na yule auguzaye.

Nisidhaniwe kwamba nimekuja kuzidharau dawa za wazee wetu. Anayezidharau hajui habari za dunia. Kwinini, ambayo babu zetu waliimeza kwa uchungu mwingi, ilitoka katika maganda ya mti wa sinkona wa milima ya Peru. Wataalamu wawili wa Kifaransa, Pelletier na Caventou, wakakitenga kiini chake mwaka 1820. Na dawa ya malaria tupewayo leo katika zahanati zetu, ambayo Kenya ilianza kuitumia kuwa dawa ya kwanza mwaka 2006, ina ndani yake kiini kitokacho katika mmea wa Kichina uitwao artemisia.

Habari ya mmea huo yafaa isimuliwe, kwa kuwa ina mafunzo kwa kila mwenye chungu. Mama mmoja wa China, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria katika vitabu vya waganga wa kale. Yeye na wenzake waliujaribu mmea huo, mara ukafaa, mara usifae, wasijue sababu. Ndipo akasoma tena kitabu cha mganga wa karne ya 4, akaona kwamba mganga yule hakusema majani yachemshwe. Alisema yaloweshwe katika maji, kisha yakamuliwe. Mama huyo akatambua kuwa moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akaitoa kwa njia isiyohitaji moto mkali, na ikafaa. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza, ili wahakikishe kuwa haidhuru, ndipo wakawapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Basi tazameni: mganga wa kale alikuwa na haki, na kitabu chake kilistahili kusomwa. Lakini jani lile lile, likitiwa katika chungu kinachochemka, lilipoteza nguvu yake. Na hata leo Shirika la Afya Duniani halikubali watu wajitibu malaria kwa chai ya artemisia, kwa sababu kikombe kimoja huwa na kiini kingi na kingine kichache, na kichache hakimalizi ugonjwa.

Nchi yetu nayo haikulala. Mwaka 1976 Profesa John Kokwaro alitoa kitabu kikubwa cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, akiyaandika majina ya mimea katika lugha za makabila yetu na kazi ambazo wazee waliitumia. Mwaka 1979 ikaundwa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ambayo twaiita KEMRI, na miongoni mwa kazi zake ni kuchunguza mitishamba. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo imeitambua tiba ya asili. Kwa hiyo mtu asifiche tena mizizi yake chini ya kitanda daktari akija, kana kwamba ni bidhaa za magendo.

Ama utafiti wenyewe ni nini? Wengi hudhani ni kumwuliza mgonjwa, "Je, umepona?" Kama ungekuwa huo tu, kila dawa ingeshinda, kwa maana magonjwa mengi huondoka yenyewe, na mgonjwa humshukuru yule aliyemwona mwisho. Mtafiti hana budi kwanza kuujua mmea kwa jina lake hasa, kwani jina moja la kwetu huweza kuitwa miti miwili. Kisha ajue ni jani, ganda au mzizi. Ajue sumu yake na kipimo chake. Mwisho huwagawa wagonjwa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja hupewa dawa, na la pili hupewa kidonge kifananacho nayo lakini kisicho na dawa ndani. Wala mgonjwa wala mtoaji hajui nani kapata nini mpaka siku ya kuhesabu. Ni mashindano ya haki, na katika mashindano ya haki wako washindao na washindwao.

Nitatoa mfano wa ugonjwa ambao wazee wangu humu hawapendi kuutaja, nao ni ugonjwa wa kusahau, ule unaomfanya mtu mzima asahau njia ya nyumbani, kisha majina ya watoto, kisha hata matumizi ya kijiko. Mimea miwili imejaribiwa kwa ugonjwa huo. Wa kwanza ni mti wa ginkgo wa China, ambao majani yake huuzwa duniani kote kuwa huhifadhi akili za wazee. Huko Marekani walichukuliwa watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, wakapewa kiini cha majani hayo au kidonge kitupu mara mbili kwa siku, wakaangaliwa kwa muda wa kiasi cha miaka 6. Mwaka 2008 majibu yakatangazwa: walionywa ginkgo walipatwa na ugonjwa wa kusahau sawasawa na wale wengine. Mmea wa pili ni ua dogo jeupe la nchi za baridi, liitwalo galanthus. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Ulaya Mashariki walitoa kwake dawa iitwayo galantamini, nayo mwaka 2001 ilikubaliwa Marekani kutibu wagonjwa wa kusahau. Hiyo hupunguza makali kwa kiasi, na kwa muda. Haiponyi.

Mmoja ulisifiwa ukashindwa. Mwingine haukusifiwa sana ukafaa kidogo. Na uko mfano wa tatu ulio wa ajabu zaidi. Lile ua la waridi au jeupe lipandwalo mbele ya nyumba zetu, ambalo asili yake ni Bukini, yaani Madagaska, watu wa Jamaika walikuwa wakilinywa kwa ugonjwa wa kisukari. Wataalamu wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, walilichunguza katika miaka ya 1950, wakakuta halishushi sukari hata kidogo, lakini hupunguza chembe nyeupe za damu. Kwake ikapatikana dawa ya saratani mwaka 1958, na baadaye nyingine ambayo hata leo hutumika kutibu watoto wenye saratani ya damu. Kwa hiyo jani laweza kuwa dawa kweli, lakini si dawa ya ugonjwa ule linaonywewa. Mwenye kisukari aliyelitegemea hakusaidika, ingawa mkononi alishika hazina.

Sasa natoka kwenye chungu, nakuja kwa mtu aliye kando yake.

Wengi wenu mwakumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika kwenda kijiji cha Samunge, huko Loliondo katika nchi jirani ya Tanzania, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu. Alitoa kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania. Ilisemwa kwamba kikombe hicho kilitosha kuponya UKIMWI, kisukari, saratani na mengineyo. Dawa yake ilikuwa mizizi ya mti ambao wenyeji huuita mugariga, Waswahili huuita mtandamboo, na Wamaasai olamuriaki. Si mti mgeni kwetu. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, na katika magari hayo Wakenya walikuwa wengi.

Sitaki kumhukumu mzee yule, ambaye alifariki mwaka 2021. Wataalamu wa Tanzania waliichunguza dawa yake wakasema haina sumu. Lakini kutokuwa na sumu si sawa na kuponya. Wako wagonjwa waliotolewa katika vitanda vya hospitali wakafa njiani au katika foleni, na wako walioacha dawa zao za UKIMWI baada ya kunywa. Nami nawauliza, ni nani aliyemshika mgonjwa mabegani siku zile katika vumbi na baridi ya usiku? Ni nani aliyeuza mbuzi ili apate nauli? Na baada ya kurudi, ugonjwa ulipozidi, ni nani aliyekaa kitandani akimfuta jasho? Kikombe kilikuwa shilingi 500. Lakini bei yake hasa ililipwa na mke, na binti, na mama. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kusema kuwa utafiti wa dawa si jambo la wasomi peke yao. Dawa ikijulikana ukweli wake, mtu fulani nyumbani amepunguziwa safari.

Hata hivyo, dawa ijapojulikana vema, kazi ya kuuguza haiishi. Tutazame nyumba moja ya namna ambayo kila mmoja hapa anaijua. Baba amepatwa na ugonjwa wa kusahau, na kiharusi kimemlegeza upande mmoja. Wana wake watatu wako mjini wakifanya kazi. Amebaki na binti aliyeachwa asomee karibu na nyumbani, kisha asisome kabisa. Binti huamka saa kumi za usiku. Humgeuza baba, kwa kuwa mgonjwa asiyejigeuza hupata vidonda vya mgongo, na wauguzi husema ageuzwe kila baada ya saa mbili. Humwosha, hubadili shuka, hupika uji. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini mgonjwa huyu akipewa huusukuma, na baada ya kitambo husema kwamba ameshindishwa njaa. Mchana hutaka kwenda kwao, naye yuko kwao. Usiku hulia mlangoni akimwita mtu aliyekufa zamani. Jirani akipita husema, "Binti huyu hana kazi, yuko nyumbani tu."

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wana ugonjwa wa namna hiyo. Kwamba ndugu na jamaa wawaangaliao hutumia kwa wastani saa 5 kila siku katika kazi hiyo. Na kwamba katika kila saa 100 za kuwaangalia, saa 70 hufanywa na wanawake. Tena mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Steven Zarit, pamoja na wenzake, walitunga maswali ya kupima mzigo wa mwenye kuuguza, na yale yatumikayo sana leo ni 22. Huulizwa kama afya yake imeharibika, kama fedha zatosha, kama anapata wakati wake mwenyewe, kama amefarakana na marafiki. Katika nyumba zetu hakuna anayemwuliza hata swali moja. Tukifika kumjulia hali mgonjwa, twapita mbele ya binti kana kwamba ni nguzo ya nyumba. Twamsalimu baada ya kunywa chai yake.

Nisiache kutaja hatari moja iliyo mbaya kuliko zote. Mzee anayesema peke yake, au anayetembea usiku bila kujua aendako, hushukiwa uchawi. Katika nchi yetu hii, huko Kilifi na kwingineko, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Na mwaka 2021 huko Kisii waliuawa akina mama wanne wenye umri mkubwa. Mtu atakapojua kwamba kupotewa na akili uzeeni ni ugonjwa wa ubongo, kama kiharusi kilivyo ugonjwa, atamlinda mzee wake badala ya kumwogopa. Elimu hiyo ni dawa isiyochimbwa porini.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa atazamaye kwa mbali, gunia lile ni jepesi, kwa kuwa hakulitia begani.

Bwana Mwenyekiti, sasa nafika kwenye daftari letu. Chama hiki kiliundwa ili tusaidiane katika shida. Nimeandika hesabu zake kwa miaka kadhaa, na safu zake nazijua kwa moyo: karo za watoto, mikopo, rambirambi, jeneza, gari la kuchukua maiti, chakula cha matanga. Safu ya kuuguza haimo. Mwanachama akifiwa, siku ile ile simu hupigwa, fedha huchangwa, basi hukodiwa, na watu hufika kwa wingi wakiwa wamevaa vizuri. Lakini mwanachama yule yule alipokuwa akiuguza miezi kumi na minane, hakuna aliyefika na sabuni. Tunamzika kwa heshima mtu aliyeuguzwa kwa upweke. Sisemi tuache kuzika. Kuzika ni wajibu na ni ada yetu. Nasema kwamba shilingi moja itangulie mbele ya ugonjwa, isingoje nyuma ya jeneza.

Kwa hiyo Halmashauri imenituma niyalete mbele yenu mambo haya manne, ili mkutano uyaamue.

La kwanza, lifunguliwe fungu la kuuguza, litokane na sehemu ya michango ya kila mwezi. Fungu hilo linunue vitu vya kazi: sabuni, shuka, mpira wa kutandika kitandani, nauli ya kumpeleka mgonjwa kliniki. Wanachama ndio watakaoamua kiasi chake, nami nitaiandika kila senti.

La pili, iwekwe zamu ya kupokezana. Kila mwenye kuuguza apate angalau siku moja katika juma ambapo watu wawili wa chama watakaa na mgonjwa wake, naye aende sokoni, au alale tu. Na zamu hiyo isiwe ya wanawake peke yao. Mwanamume aliyeweza kubeba jeneza aweza kumgeuza mzee mwenzake kitandani. Wana walio mjini, ambao hutuma fedha na kudhani wamemaliza, nao waandikwe katika zamu wajapo likizo.

La tatu, kila nyumba yenye mgonjwa iwe na daftari dogo la dawa. Iandikwe dawa ya hospitali na dawa ya miti pia, jina lake, sehemu iliyotumika, kipimo, na siku. Akienda hospitali, daftari liende naye, na ikiwezekana tawi la mti wenyewe. Sababu ni hii: dawa mbili njema huweza kugombana tumboni. Shubiri ikinywewa sana huharisha na kupunguza chumvi ya potasiamu mwilini, na kwa mtu anywaye vidonge vya moyo jambo hilo ni la hatari. Karela hushusha sukari. Ikiongezwa juu ya dawa ya kisukari, sukari yaweza kushuka mpaka mgonjwa akazimia. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa. Wala mtu asiache kidonge cha hospitali kwa ajili ya kikombe chochote kabla hajamwuliza aliyempa kidonge. Katika kazi hii tuwatumie wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapeleka vijijini mwaka 2023, wapatao 100,000, na mikoba yenye vyombo vya kupimia presha na sukari. Wanapita milangoni mwetu, tuwakaribishe ndani.

La nne ni ombi kwa wazee wetu wenyewe. Ninyi mwaijua miti. Mwajua mzizi upi huchimbwa upande mmoja ili mti usife, na ganda lipi halibanduliwi kuzunguka shina lote. Maarifa hayo yakizikwa pamoja nanyi, mtafiti atakuja na kukuta msitu usio na mkalimani. Tunaomba mkubali yaandikwe, kwa majina yenu na kwa idhini yenu, na chama kikae kuwa mlinzi wa maandishi hayo, ili asije mtu akayachukua bure na kuyauza ghali. Karani wenu yu tayari na kalamu.

Nimesema mengi kuliko ilivyompasa mtu wa umri wangu. Najua kwamba baadhi yenu mtauliza fedha zitatoka wapi, na swali hilo ni la haki. Hesabu za mwaka zimo katika kurasa zifuatazo za kitabu hiki, na kila mtu azisome. Ila naomba mtakapozisoma mkumbuke kwamba kila mmoja wetu hapa, akijaliwa maisha marefu, atafika siku ya kulala kitandani na kugeuzwa na mkono wa mwingine. Mkono huo hatutaukuta una nguvu kama leo tumeuacha uchoke peke yake.

Bwana Mwenyekiti, nalileta fungu la kuuguza mbele ya mkutano, naomba lijadiliwe leo na wala si mwakani.